Mbuzi Asiyekula Majani

Kitendawili, wewe unayenisikiliza: nampanda lakini haendi, ana meno lakini hali. Fikiri taratibu. Nina hasira, sina haraka.

Leo ni siku ya shukrani yetu. Kila mwaka baada ya mavuno, mama yangu kule shambani Pemba alipika wali wa nazi, tukala watu wa nyumbani tu, kimya kimya, tukamshukuru Mungu. Huku Uarabuni, Jeddah, nimeupika miaka arobaini. Mwezi uliopita mwanangu Marwan alinihamishia kwake Riyadh, na vitu vyangu alivifungasha yeye.

Asubuhi nikamwuliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Usijali mama, nimeshaagiza mandi. Mbuzi mzima!"

"Usinifanye mtoto, Marwan! Mbuzi wa kukunia nazi, aliyenipa mama yangu. Yuko wapi?"

"Siku hizi tui lipo la kopo, mama."

"Kopo lako kanywe mwenyewe! Nimekuuliza swali."

Akashika simu. Nikampokonya, nikaikalia. Mjukuu wangu Huda akacheka, "Bibi kapanda simu, haiendi!" Nikamkazia macho.

"Ulikuwa ukikaa miguuni kwangu ukidokoa nazi," nikamwambia Marwan. "Meno yale ndiyo yaliyokulisha. Leo hapa hapaliwi mpaka unijibu."

Mandi ikaletwa, sinia la wali na mbuzi wa kuokwa, ikapoa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Mwishowe Marwan akainamisha kichwa.

"Nilimtupa, mama. Kwenye pipa la taka, Jeddah. Niliona haya kumpandisha kwenye gari jipya."