Sauti Isiyochakaa

Khadra aliipenda kanda ya kaseti kwa sababu kanda hufa. Vijana wa Garissa humcheka anayeisifu, na wana haki yao: kanda hula vumbi, jua huipinda, na ukiirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, mkono unakufa ganzi. Redio nayo hukuimbia wimbo mara moja, ukaenda zake na upepo. Memori kadi hubeba nyimbo elfu moja, kisha ikapotelea kwenye mshono wa mfuko. Simu haina ila hata moja, na ndiyo maana Khadra aliichukia.

Ujanani, kwenye harusi huko Griftu, aliimba buraanbur, ule ushairi wa wanawake, na mtu akamrekodi kwenye kanda. Makofi yalipozidi, kichwa kikamvimba. Akatunga kwamba kwa mzee mmoja wa huko, Guleid, mgeni hulala njaa huku ngamia wa maziwa wamefichwa kichakani. Kwa mfugaji, hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Na Khadra hakuwahi hata kukanyaga kwa Guleid. Jina lake lilikubaliana na vina, basi. Ulimi hauna mfupa.

Aibu ilipomwingia aliitafuta ile kanda, akainunua, akaichoma. Nakala zilikuwepo, lakini enzi hizo kanda ilizaliwa na kanda, na kila mtoto alitoka dhaifu kuliko mamake, hadi sauti ikawa kama mafuta yanayochemka. Khadra akaolewa Garissa, akatulia.

Hakujua kwamba angetokea Mustafe, fundi wa simu pale sokoni, anayezipakia kanda kuukuu kwenye kompyuta na kuzisafisha kelele. Mwaka huu wimbo ule ukatoka umetakata, ukasambaa kwenye simu za watu kutoka Mandera hadi Dadaab. Jina la mwimbaji hakuna aliyelijua. Sauti yake je? Hata pumzi zilisikika, na koo la Khadra halikuwa limezeeka.

Katikati ya hayo, Ifrah, bintiye wa pekee, akachumbiwa na mjukuu wa Guleid.

Siku wakwe walipokuja, nyumba ilijaa wanawake, chai ya maziwa na moshi wa uunsi, ule ubani wa nyumbani. Wageni wakadai haki yao: mama wa bibi harusi awapokee kwa buraanbur. Akikataa, itasemwa ndoa hakuitaka. Akiimba, amekwisha. Khadra alishika shingo, akasema mafua yamemkaba.

"Hooyo, si jana uliimba jikoni?" Ifrah alimwambia mamake, karibu alie.

Wanawake wakatazamana. Khadra alihisi kuta zinamsogelea. Aliyemwokoa ni Fatumo, mama wa bwana harusi, binti wa Guleid mwenyewe. Alimshika mkono kwa upole, akasema mgonjwa halazimishwi, na tena kuna sauti ambazo heri zingenyamaza. Akatoa simu, akaupiga wimbo ule.

Khadra alikaa akijisikiliza. Kila neno lilikuwepo, na hapakuwa na mahali pa kutazama.

Fatumo akaeleza kwamba babake alikuwa akichinja hata mbuzi wa mwisho kwa ajili ya mgeni. Amekufa, na sasa wajukuu zake wanaimbiwa haya shuleni.

"Mmenipa mtoto leo, kwa hiyo nyinyi ni watu wangu," alisema. "Nisaidieni dua. Aliyeimba haya, kama yu hai, Mungu asimwonyeshe furaha ya mtoto wake."

"Amin," wakaitikia wanawake, na Ifrah aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, akitaka mama mkwe amsikie.

Fatumo alikuwa bado ameushika mkono wa Khadra. Aligeuka, akamngoja. Ifrah naye akamtazama mamake.

"Amin," Khadra alisema.