Jiwe Alilotapika Krono

Mafuta ya jana yalikuwa yameshachacha, na nzi wamenasa ndani yake. Mirto aliyakwangua kwenye jiwe kwa kijiti, uso kaugeuza pembeni. Watu walikuja Delfi kutoka mbali kuligusa jiwe hili, eti ndilo Rea alilolivika nguo za mtoto akampa mumewe Krono, mla wanawe, alimeze badala ya mtoto wao Zeu. Krono alilimeza bila kulitazama, kisha akaja kulitapika. Kazi ya Mirto ilikuwa kulipaka mafuta kila asubuhi na kulifunika kwa sufu mbichi kila sikukuu, na hajawahi kulizoea. Matapishi ni matapishi, hata yakiwa ya mungu.

Mwanawe Thraso alimkuta hapo.

"Mama, yule mtoto simchukui. Kesho sizunguki naye meko."

Na mtoto ambaye baba hakumbeba kuzunguka meko si wa nyumba ile.

"Kisa?"

"Si msichana tena? Nilee wasichana watatu, niwalishie watu wengine wake zao? Mtie kwenye chungu, jioni nampeleka mlimani nimwache huko. Filina nimeshamwambia."

"Kasemaje mkeo?"

"Analia. Si ndio zenu?"

"Na wewe umemwona lakini?"

"Nimwone wa nini?"

Makombo ya jibini yalikuwa yamemganda kwenye ndevu. Mirto alimtazama mtu aliyemnyonyesha yeye mwenyewe. Ni walewale. Urano, baba yake Krono, aliwasokomeza wanawe warudi tumboni mwa mama yao, Dunia, mpaka akagumia kwa maumivu. Krono naye akawala wake. Na bado tunawachinjia kondoo!

Alasiri alimchukua mjukuu wake, akamlaza katika ghala la sufu lililo karibu na lile jiwe. Klito, mke wa mchungaji, hakujaliwa mtoto, na kesho alfajiri angekuja na mzigo mwingine wa sufu. Asingerudi mikono mitupu. Kisha Mirto akaokota jiwe la ukutani, akalizungushia vitambaa vya mtoto, akalitia chunguni. Thraso akifunua tu, wamekwisha wote. Hata hivyo moyo wake mpumbavu ulikuwa ukimwomba afunue.

Jioni Thraso alikinyanyua chungu.

"Mzito huyu."

"Kanyonya akashiba."

"Mbona halii?"

"Kalala. Mtazame basi, mwanangu. Mara moja tu."

Thraso alitazama mlango. "Aa, mama, usinitie balaa." Akatoka, chungu kwapani.

Mirto alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Aliporudi, Thraso alinawa mikono, akaketi, akauliza kama dengu zimeiva. Mirto alimpakulia. Alikula kwa haraka, akasema zimekosa chumvi, akaongezwa, akala tena. Mirto alisimama juu yake na upawa, akaona kichefuchefu kimemshika hata kwa harufu ya nywele zake, zile alizozichana yeye mwenyewe utotoni.

Filina alikuwa pembeni, kifua chote kimelowa maziwa.

"Inuka, mwanangu," Mirto alimnong'oneza. "Yuko ghalani. Ni wako mpaka alfajiri."

"Mnakwenda wapi?" Thraso aliuliza, shavu limejaa.

Filina alikuwa ameshatoka, peku, anakimbia.