Msomaji wa Barua

Hakimu aliniambia niifungue barua ile, nami nikasimama nimeishika, sijui bahasha huanza kuchanwa upande gani. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Watu waliojaa kwenye mabenchi nyuma yangu walikuwa wakisubiri kesi zao, wamechoka, wanajipepea kwa makaratasi, na niliwahisi wote wakivitazama vidole vyangu.

Msidhani sikujua kusoma. Nilimaliza shule ya msingi, na mwandiko wangu ulibandikwa ukutani mwaka mzima wengine wauige. Ila nyumbani kwetu barua zilikuwa na mwenyewe.

Mume wangu alisambaza mitungi ya gesi kwa pikapu. Alasiri ya siku ya mapumziko, akishaosha gari na kubadili shati, alikaa kizingitini na kisu cha mezani, akazichana bahasha za wiki nzima taratibu, kama mtu anayemenya chungwa asilitoe maji. Kisha alinisomea. Hakusoma kwa sauti yake mwenyewe, hata siku moja. Kampuni ya maji aliisoma amebana pua. Watu wa umeme aliwasoma kama mgonjwa wa jino. Dada yake wa mbali, mwenye lawama za kujaza gunia, alimsoma kwa kuvutavuta maneno na kuzungusha shingo, mpaka mimi, ninayechambua mchele, nashindwa kuona mawe kwa machozi ya kicheko.

"Tulia basi," huniambia. "Huyu bado anasalimia. Hajaanza kesi."

Siwezi kuwaeleza utamu wa alasiri zile. Hakuna kilichotokea ndani yake. Jua lilikuwa likihama kutoka kwenye ndoo hadi kwenye viatu vyake, na dunia yote yenye mihuri ilikuwa ikiingia nyumbani mwetu kupitia mdomo wa mtu mmoja, na ikishapita hapo haikumtisha mtu.

Alifariki akiwa amebeba mtungi. Mtungi mtupu, si uliojaa. Hilo limenikaa mpaka leo.

Alikuwa amekwisha kunifundisha gari miaka kadhaa kabla, mgongo ulipoanza kumsumbua, nikawa na leseni yangu halali. Basi baada ya msiba nikamshukuru Mungu kwa kilichobaki na nikashika usukani. Mitungi niliifanya kama alivyoifanya yeye: simpi mtu gesi kabla sijaupaka mtungi povu la sabuni shingoni na kuinama kuutazama. Povu likitulia, nyumba iko salama. Kikifurukuta hata kipovu kimoja, mtungi unarudi garini. Wenye haraka walinung'unika. Wenye watoto walinisubiri mimi tu, hata kama kuna gari jingine limetangulia. Wakaniita Mama Povu, nami nikaitika.

Barua nazo ziliendelea kuja, maana barua hazipelekewi habari za msiba. Sikuzifungua. Bili za maji na umeme nililipa dirishani kwa kuuliza. Zile bahasha nilizitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, nyuma ya mlango, mahali alipokuwa akizikuta siku zote. Sikujiambia kwamba namwekea marehemu. Sikujiambia chochote. Mkono ulizoea njia, ukaenda. Koti likawa linanenepa upande mmoja, nami nikipita nalinyoosha bega.

Mwaka wa tatu wa ujane, asubuhi, askari wa trafiki alinisimamisha kwenye makutano karibu na hospitali. Mtu mrefu, mpole, kofia imembana. Akaingiza namba yangu kwenye kimashine chake, akakitazama, akanitazama.

"Mama, leseni yako imefungiwa. Miezi minne sasa."

"Aifungie nani, mwanangu? Hii hapa, nimeifungia mwenyewe kwenye pochi."

Hakucheka. Alisema pole, na sauti yake ilikuwa ya kweli, kisha akafanya kazi yake. Pikapu ikapelekwa yadi ya polisi na mitungi yake kumi na minane, nami nikapewa karatasi: kuendesha gari wakati leseni imefungiwa. Chini yake ziliandikwa adhabu, na jela ilikuwamo. Wakala wa gesi, mtu asiye na maneno mengi, alinipa wiki mbili. Nisipokuwa nimerudi barabarani, wateja wangu atampa mwingine. Sikuwa na shamba wala pensheni. Nilikuwa na wateja wale.

Jioni ile ndipo nilipoliendea koti. Katikati ya bahasha nyingine niliikuta moja yenye muhuri wa ofisi ya leseni. Niliigeuzageuza, nikairudisha ilivyokuwa, imefungwa. Sikuwa na nguvu ya kuifungua mbele ya lile koti.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni fundi wa kushona, na ulimi wake ni mwepesi kuliko sindano. Alinipeleka kwa wakili. Ofisini mle mlikuwa na feni, viti vya ngozi na binti aliyetupa maji ya kunywa kabla ya kututajia bei. Kumwajiri yule wakili ningelazimika kuuza gari lilelile nililotaka aliokoe. Tulimaliza maji yetu kwa adabu, tukatoka.

"Sasa nisikilize mimi, wakili wako wa bure," shemeji akasema tulipofika nje. "Ukifika kule sema barua haikufika. Basi. Barua ngapi zinapotea?"

"Ilifika, shemeji. Iko kwenye koti."

"Koti lina mdomo? Ichome. Tena huo hata si uongo. Barua kufika ni kusomwa. Wewe umeisoma?"

"Sijaisoma."

"Basi haijafika! Iko njiani. Shemeji, mimi najua wewe ni mtu wa sala. Lakini Mungu hataki wewe ufungwe, anajua hakuna mwingine wa kupaka povu."

Nilicheka, na kicheko kikaniuma, kwa sababu alikuwa na sauti ya kaka yake. Na nisiwafiche: nililiwaza lile neno siku tisa. Nililipitia nikifua, nililipitia nikiwa magotini. Haikufika. Neno moja dogo, na mnyonge akilisema nani atamlaumu? Siku ya kumi nikaona kitu kilichonitisha kuliko jela. Nikisema haikufika, basi nimelikana lile koti. Nimekana alasiri zile, na mtu niliyekuwa nikimngojea azisome.

Siku ya kumi na moja nikaichukua bahasha kama ilivyo, nikaenda nayo.

Mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya wino na jasho. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mafua. Nikaapa. Shemeji alikuwa benchi la nyuma, akinifanyia ishara kwa kichwa: haikufika, haikufika.

"Una wakili?"

"Sina, mheshimiwa. Nilikwenda, nikanywa maji, nikarudi."

"Ulipata barua ya kukuarifu kuwa leseni imefungiwa?"

Nikasema, "Ilifika, mheshimiwa. Ila sikuifungua." Nikaitoa.

Nyuma yangu nikasikia shemeji akishusha pumzi kama tairi. Na yule askari mrefu, aliyesimama kando na jalada la kesi, akalifunga polepole. Alikuwa amekwisha kuichomoa nusu karatasi moja, nami kutoka pale kizimbani niliitambua: ukurasa wa daftari la tarishi la kupokelea barua, na chini yake sahihi yangu, ile nzuri, ya kubandikwa ukutani. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Akairudisha ndani. Hakuihitaji tena.

Hakimu alichukua bahasha, akaitazama gundi yake mbele na nyuma, akaupitisha ukucha kwenye ukingo. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: kisu, kizingiti, koti. Sikuongeza kitu. Alipangusa pua, akaipitisha bahasha kwa karani nirudishiwe.

"Ifungue sasa, mama. Isome kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu."

Nikaichana vibaya, kona ya barua ikaondoka na bahasha. Nikaanza kusoma. Na Mungu ni shahidi, sikukusudia. Nilitaka kusoma kama mtu mzima mbele ya serikali. Lakini nilipofika "Husika na kichwa cha habari hapo juu", pua yangu ikajibana yenyewe. Ofisi ya leseni ikatoka na sauti ileile ya kampuni ya maji. Sikuijua njia nyingine ya kusoma barua ya ofisi. Nikasikia mtu akiguna, kisha mwingine akapasuka, na nilipofika "unakumbushwa kwa mara ya mwisho" benchi zima lilikuwa linatikisika. Karani alisema kimya. Hakimu aliinama akapekua karatasi ambazo hazikuwa na haja ya kupekuliwa.

Barua ilisema hivi: dereva wa gari la biashara akivuka miaka hamsini huleta cheti cha macho. Sikuleta, wakaifungia leseni. Basi. Wala si kosa la barabarani.

"Macho yako yana tatizo?" hakimu akauliza.

"Sijawahi kuyasikia yakilalamika, mheshimiwa."

"Saa ile ukutani, juu ya mlango. Unaisoma?"

Nikageuka. "Inasema saa nne kasoro dakika saba. Lakini imesimama, mheshimiwa. Tangu niingie mshale mwembamba haujasogea."

Watu wote wakageuza shingo, hakimu akavua miwani, karani akatazama saa yake ya mkononi. Hakuna aliyejua imesimama tangu lini. Nafikiri kesi nyingi zilikuwa zimepita chini yake.

Hakimu aliandika kitambo. Kisha akasema kutofungua barua si kutojua, na sheria haiwezi kukaa kwenye mfuko wa koti, kwa hiyo nina hatia. Nikashika ukingo wa kizimba. Akaendelea: kwa kuwa nimesema kweli bila kulazimishwa, naachiliwa kwa sharti la kutorudia kosa mwaka mzima, gari nirudishiwe leo, ila nisiliguse hadi nilete cheti cha macho. Akasema, "Na barua, mama, ni zako." Hakulisema kwa ukali.

Macho nilipimwa kesho yake, leseni ikafunguliwa siku ya kumi na nne, na mitungi nikaisambaza miaka mingine tisa. Bahasha zile nyingine nilizifungua mojamoja, kizingitini, na sauti zake zote. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni alasiri ya siku ileile.

Tulisimama yadini mimi na shemeji, gari letu mbele yetu, limeiva vumbi. Mimi nimekatazwa kuligusa, na yeye hajui kuendesha hata cherehani ya umeme. Yule askari mrefu akatoka, kofia mkononi.

"Zamu yangu imeisha. Nipe ufunguo, mama, nikufikishe."

"Si ulinikamata wewe?" shemeji akamwambia.

"Ndiyo maana najua linakotakiwa kwenda."

Shemeji akapanda nyuma na mitungi, akilalamika suruali yake. Mimi nikafungua mlango wa upande wa abiria. Miaka mitatu sikuwa nimeketi pale. Kabla ya hapo niliketi kumi na tisa. Nikaona tena vitu ambavyo dereva hapewi nafasi ya kuviona: ghorofa za juu na nguo zake zinazokauka, mwanamke anayesukana nywele na mwenzake kwenye kibaraza, mbwa aliyelala juu ya paa la duka. Mji wote ulikuwa umeningojea upande huo.

Askari alikuwa dereva mzuri, lakini kwenye kila kona alichelewa kidogo kupunguza mwendo. Mara akanitupia jicho, akatabasamu.

"Mama, mbona unakanyaga sakafu? Upande huo hauna breki."

Nikautazama mguu wangu wa kulia, umekaza kwenye mpira wa chini. Sikujua umeanza saa ngapi.

"Najua hauna," nikamwambia. "Wewe endesha tu. Mimi nasaidia."

Akacheka, akapunguza mwendo. Mguu nikauacha palepale hadi nyumbani.