Boti Mbili na Sikio Moja

Ngumi iliyoua sikio la kushoto la Nusu ilipigwa miaka kumi na tisa iliyopita, na aliyeipiga ndiye aliyekuwa akitembea mbele yake asubuhi hii, anapiga mluzi, wanakwenda kuchagua boti.

Kaka mtu aliitwa Simenti. Jina alipewa na watu waliowahi kukutana na mikono yake, na hakuna aliyelibishia. Mdogo mtu aliitwa Nusu kwa sababu alisikia nusu ya mambo. Jina hilo alipewa na Simenti, wiki ile ile ya ngumi, damu ikiwa haijatoka vizuri kwenye foronya. Nusu alikuwa na miaka kumi. Mama alipouliza, alijibu kwamba ameanguka.

"Kumbuka," Simenti alisema bila kugeuka, "kazi yako ni kugonga na kusema ndiyo. Boti nimeshaiona."

"Mama alisema nichague mimi."

"Mama alisema ugonge."

Mama alisema yote mawili. Miezi minne iliyopita, baada ya ugomvi wa nyavu zilizokatwa, boti nyeusi ya watu wanne wa upande wa pili wa ghuba iliwajia kwa kasi, ikaipasua boti yao katikati, ikampitia baba juu. Simenti alikuwemo. Aliogelea na dumu tupu kwapani, mkono mmoja umeng'ang'ania kola ya shati la baba, na alipokanyaga mchanga alitazama alichokuwa amekivuta, akavua shati lake akakifunika ili mama asikione. Tangu siku hiyo hakulia hata mara moja. Alinoa vitu. Alinoa visu vya samaki, alinoa panga, alinoa hata koleo la bustani, na ukimuuliza kwa nini, alikutazama mpaka ukasahau swali.

Sasa nyumba ilihitaji boti nyingine, na mama akavuta chini ya kitanda nyundo ya mbao ya marehemu, akamkabidhi Nusu mbele ya kaka yake. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja. Boti ya faiba haichaguliwi kwa macho, maana rangi ni mwongo mzuri. Hugongwa shubiri kwa shubiri, kutoka omo kule mbele mpaka tezi kule nyuma, na inapogongwa hakuna anayefungua mdomo. Anayegonga ndiye mwenye neno la mwisho. Nusu alikuwa fundi wa matangi ya maji ya faiba, na sikio lake moja lililobaki baba aliliamini kuliko macho yake mwenyewe.

Njiani Nusu alisali kimya kimya, kama alivyosali kila asubuhi akiwa na Simenti karibu. Mungu wangu, tufikishe jioni.

Karakana ilikuwa uwanja mwembamba wenye ukuta wa matofali pande tatu. Harufu ya gundi ya faiba iliwasha pua kabla hujafika langoni. Mwenye karakana, waliyemwita Msasa, alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Walisema hakuna kitu kilichowahi kuingia kwake kikatoka bila kupigwa msasa na kupakwa rangi, isipokuwa mke wake, naye alitoka mwenyewe.

"Karibuni, ndugu zangu! Boti ziko mbili tu, na zote ni mabibi harusi."

Ya kwanza ilikuwa pana, tumbo kubwa, rangi ya maziwa yaliyochacha, imekaa juu ya matairi makuukuu kama ng'ombe aliyelala. Ya pili ilikuwa nyekundu na nyembamba, tezi yake imesukumwa karibu kabisa na ukuta. Pua yake ilikuwa imeongezwa tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa ngumu kama kisigino cha shoka.

Simenti aliipapasa pua ile kama mtu anayempapasa mbwa wake.

"Hii," alisema. "Ikiingia ubavuni mwa boti ya mtu, inatokea upande wa pili."

Msasa akacheka. "Ndugu yangu, wewe unavua samaki au unavua watu?"

"Samaki ana damu, mtu ana damu. Wewe unaona tofauti iko wapi?"

Kicheko cha Msasa kikakatika.

Nusu alianza na ile pana. Ko, ko, ko. Aliinamisha kichwa, sikio la kulia karibu na faiba, akaizunguka yote. Alipata kiraka kimoja tumboni, kiraka cha mtu mkweli, hakikufichwa, nacho kilijibu vizuri. Kisha akaenda kwenye nyekundu. Pua ilikuwa nzima. Ubavu wa kulia, mzima. Wa kushoto, mzima. Ikabaki tezi, pale kwenye ubao mnene unaobeba injini, uliofichwa ndani ya faiba mbele na nyuma. Kati ya ubao ule na ukuta palikuwa na nafasi ya paja la mtu. Alijipenyeza kiubavu, tofali zikimkwaruza mgongo, shavu la kushoto limebanwa kwenye boti, mkono umejikunja kama wa mgonjwa. Akagonga. Akagonga tena.

"Bado tu?" Simenti alifoka.

"Kaka, wakati wa kugonga hatu—"

Teke lilimpata kwenye muundi. Kichwa kikagonga tofali, nyusi ikapasuka, damu ikamwingia jichoni.

"Nimeuliza. Nzuri au si nzuri?"

"Nzuri," Nusu alisema. Alitaka kutoka pale tu.

Simenti alimvuta nje kwa ukosi, akamkumbatia mpaka mbavu zikalalamika. "Unaona? Ulikuwa unaogopa nini? Msasa, leta trela! Na ile injini kubwa, ifunge leo leo. Kesho alfajiri nawafuata. Wewe, Nusu, baki nyumbani na sala zako. Nitakuletea kola za watu wanne."

Nusu alikwenda kwenye bomba kuosha uso. Aliinama, maji yakamwingia sikio la kulia, na dunia yote ikazimika. Msasa alifungua mdomo, hakuna sauti. Nyororo ya trela ilianguka, hakuna sauti. Ukimya ule ule. Ndipo alipoutambua: aliusikia dakika chache zilizopita, pale nyuma ya boti. Alikuwa ameligongea sikio lililokufa. Hakusikia "ko". Hakusikia chochote, na alisema nzuri.

Alitikisa kichwa, maji yakatoka. Simama sasa ukaseme, alijiambia. Hakusimama.

Kwa maana kuna jambo jingine lilimjia, polepole, likakaa karibu naye kama jamaa. Ikiwa ubao ule umeoza, injini ile kubwa itaung'oa kesho, mbali na nchi kavu, na bahari itafanya kile ambacho hakuna mtu mtaani aliyewahi kukiweza. Hakuna atakayelaumiwa. Alikumbuka sikio. Alikumbuka jino, na mbavu mbili, na ile siku alipoburutwa mbele ya mchumba wake kama gunia, na mchumba asirudi tena. Alijiuliza kama lile "nzuri" lilikuwa kosa la sikio au la moyo.

Sala iliyomtoka haikuwa nzuri. "Mungu, nimechoka naye." Alirudia mara mbili, kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu akasema, "Lakini usiniache na neno lile kinywani."

Akarudi. Alijipenyeza kwa upande wa pili, sikio la kulia likakandamizwa kwenye ubao, akagonga.

Pu.

Kama kugonga godoro lililolowa.

"Subirini!" alipaza sauti. "Ubao umeoza!"

Simenti aliachia nyororo. "Umesema nzuri."

"Nilikosea. Niligonga na sikio ulilolivunja wewe."

"Kijana, usiniharibie jina," Msasa aliingilia. "Ubao ule nimeuweka mpya kwa mikono hii."

"Achana naye," Simenti alisema, anakuja. "Huyu hataki nikamlipie baba yake kisasi. Mwoga hakosi maneno."

Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni, pumzi yote ikatoka. Ya pili ilimpata mdomoni. Nusu alianguka kwenye vumbi jeupe, nyundo ikamtoka, akatema jino, na akiwa anatambaa mkono wake ulikuta mtaimbo wa kunyanyulia boti. Hakumgeukia kaka yake. Alijivuta mpaka kwenye tezi, akauchomeka ule mtaimbo kwenye ubao kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mara ya kwanza rangi ilipasuka. Mara ya pili faiba ilitatarika. Mara ya tatu chuma kiliingia mpaka nusu yake bila kubishana, kama kimechoma papai bovu.

Maji meusi yakatiririka. Yalinuka kama shimo la choo.

Simenti alisogea, akaingiza vidole kwenye tundu, akatoa konzi ya mbao. Aliikamua. Ikachuruzika, ikabaki uji mkononi mwake. Alitazama uji ule, akatazama injini kubwa iliyokuwa inangoja sakafuni. Kisha akamtazama Msasa.

"Ndugu yangu, tuongee," Msasa alisema.

Hawakuongea. Ngumi ilimrusha Msasa juu ya ndoo za rangi. Aliinuka na mashine ya mkono ya kusagia faiba, sahani yake inazunguka na kulia, akaipungia mbele yake akipiga kelele, na Simenti akaipita kama vile haipo. Ilimchana mkono wa kushoto kutoka kiwiko mpaka karibu na saa ya mkononi. Damu ilirukia boti nyekundu na haikuonekana. Simenti alimbwaga chini, akamkalia kifua, akapiga, akapiga, pua ikalala upande. Mkono wake wa kulia ukapapasa vumbini, ukaikuta nyundo ya baba, ukainuka juu.

"Kaka, acha!"

Simenti hakuwa mtu wa kusikia. Na chini yake Nusu hakumwona Msasa. Aliona mtoto wa miaka kumi.

Alipiga na mtaimbo, kwenye kifundo cha mkono ulioinuliwa. Mfupa ulitoa sauti kavu, safi, sauti ya kitu kilichokuwa kizima. Nyundo ilianguka pembeni ya sikio la Msasa.

Mashine ya kusagia ilikuwa bado inalia, inajizungusha yenyewe kwenye vumbi, mpaka Nusu akachomoa waya.

Simenti alikaa chini, ameushika mkono unaoning'inia. "Umenivunja," alisema kwa mshangao.

"Ndiyo."

"Ungeniacha tu niende nayo."

Nusu alifuta mdomo. "Nilifikiria."

Uso wa Simenti ulianza kutikisika kuanzia kidevuni, akainamisha kichwa, akalia kama mtu anayetapika. Aliita baba. Nusu alivua shati, akamfunga mkono uliochanika, akakaza fundo kwa meno yaliyobaki.

"Tunachukua ile pana," alimwambia Msasa. "Kwa mapatano yale yale uliyofanya na kaka."

"Chukua," Msasa alisema kupitia damu. "Chukua hata leo, ila mtoe huyu hapa."

"Ng'ombe yule hakimbii," Simenti alisema.

"Hakimbii."

"Hatutawapata wale."

"Hatutawapata."

"Na mimi usukani sitaushika kwa mkono huu."

"Nitaushika mimi."

Walitoka langoni wakiifuata trela, Nusu kulia, Simenti kushoto. Hatua chache mbele Simenti alisema kitu.

"Unasemaje?"

Simenti alisimama. Akapita nyuma ya mdogo wake, mkono kifuani, akaja upande wa sikio zima.

"Nimesema, Mama akiuliza, mwambie nimeanguka."

"Hapana, kaka," Nusu alisema. "Sitamwambia hivyo."