Picha Safi za Isaiah

Tangu utotoni Isaiah hakuwa akiona mbali, na mwaka huo wa 1969 miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Lakini umwambie haoni, uone cha mtema kuni! Kila mwaka alimsomea daktari wa macho herufi zote za ukutani, hadi zile ndogo za chini kabisa, huku akicheka. Kazi yake, katika zahanati moja ya katikati ya jiji, ilikuwa kupiga picha za mapafu za watu waliotaka kuajiriwa, kisha kuzitenga: safi huku, zenye dalili za kifua kikuu kule. Daktari wa zahanati aliangalia zile za kule tu.

Jumatatu moja Njambi, nesi mpya, akachomoa picha kwenye rundo la safi.

"Mzee, huyu si ako na kitu hapa juu?"

"Wacha maneno, msichana. Miaka sita nafanya hii kazi."

Hata hivyo aliinama mpaka miwani ikagusa picha. Aliona mbavu. Kidole cha Njambi kilizunguka kitu ambacho kwa Isaiah hakikuwepo. Daktari akaitwa, naye akaona kivuli kwenye pafu kabla hajafika mezani. Isaiah aliona haya, kisha hofu ikamshika.

Jioni alikwenda Kileleshwa kwa yule daktari wa macho. Safari hii daktari alichukua karatasi ya kijivu, akaandika herufi sita kubwa kwa penseli, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Isaiah akasoma tatu tu.

"Ile ya ukutani ni nyeusi juu ya nyeupe, hiyo unaona," daktari akasema. "Lakini macho ya kutoona mbali sana, kama yako, saa zingine inashindwa kutofautisha kijivu na kijivu. Miwani haisaidii. Na mimi sikuwahi kukupima hiyo. Pole, mzee."

Angeweza kunyamaza, kazi ikaendelea. Moyo ulimsihi anyamaze. Lakini mwezi wa Machi alikuwa amempiga picha binti yake Nanjala, akaiweka kwenye safi, na Nanjala akapata kazi ya yaya. Siku hizi alikuwa akikohoa, na Isaiah alikuwa amemwambia ni baridi tu ya mtaani kwao Kangemi.

Asubuhi akatoa bahasha kabatini, akampa Njambi.

"Nisomee hii, mama. Ni ya msichana wangu. Anashika watoto ya watu."

Njambi akaiweka picha kwenye taa. Isaiah aliutazama uso wake, akauona ukibadilika.

"Watoto wangapi, mzee?"

"Wawili," Isaiah akajibu, kisha akaanza kutoa bahasha nyingine zote, za miaka sita.