Jina la Mjukuu wa Dobi

Bosi wangu tunamwita Profesa, ingawa shule aliishia getini. Kibao chake kinasema "Mtaalamu wa Maana za Majina," na utaalamu wote umo kwenye droo moja: maana saba, zimeshachapishwa kwenye kadi kwa wino wa dhahabu. Mteja akija ananukia marashi, ni Malkia. Akija na ndala, ni Nyota ya Alfajiri. Mimi, mwenye digrii ya isimu, kazi yangu ni kupaka fremu gundi.

Asubuhi moja aliingia mama mwenye mtoto mchanga, na mama mkwe wake, dobi mstaafu mwenye vidole vilivyochakazwa na sabuni. Mtoto alikuwa aandikishwe siku hiyo kwa jina la Nirmala, jina la mkunga aliyemwokoa. Bibi hakulitaka.

"Siwezi kumwita mjukuu kwa neno nisilolijua," alisema. "Nipe maana yake, la sivyo anaandikishwa kwa jina langu."

Profesa alifumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali, kisha akavuta droo. "Nyota ya Alfajiri, bibi. Jina la wafalme wa kale."

"Mwaka juzi uliniambia hiyo ndiyo maana ya jina langu mimi. Nimeitundika juu ya kabati."

"Nyota ziko nyingi, bibi."

"Na waongo je?"

Mama wa mtoto aliinamisha kichwa. Niliona jina linamponyoka, nikaweka brashi chini.

"Shikamoo, bibi. Jina ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Nir ni bila, mala ni uchafu. Maana yake, asiye na doa."

"Wewe umeitoa droo gani?"

"Kwenye kamusi, bibi. Iko maktaba, twende ukaione."

"Huyu ni wa gundi tu," Profesa alisema.

Bibi alitazama vidole vyake. "Miaka arobaini nimefua madoa ya watu," alisema polepole, "leo nimeletewa mmoja aliyekuja safi." Akanyoosha mikono kwa mkwewe. "Nipe Nirmala wangu. Twende tukamwandikishe." Mlangoni aligeuka. "Profesa, ile nyota yangu nitafunikia ndoo."

Walipoondoka, Profesa aliniamuru nirudishe Nyota kwenye droo, mwenye ndala mwingine atakuja. Niliirudisha. Kisha nikaifunga droo, nikaipaka nayo gundi, pande zote nne, kwa uangalifu, kama alivyonifundisha.