Karanga Ndogo za Donatille

Tangu wakimbie mji wao wa Kiwanja, Donatille hakutulia. Vita vilipowatoa, wenzake walibeba magodoro. Yeye alibeba vifuko vya karanga, kubwa na ndogo, kila aina na kifuko chake, na watu wakamcheka njia nzima. Wacha wacheke. Kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu, na karanga zile alizichanganya koo, aina hii na ile, na kuzichagua msimu baada ya msimu mpaka akaupata ukoo aliokuwa akiuota: punje ndogo, zimekunjamana, hazina sura, lakini mafuta tele. Katika mashamba yake, kadiri punje ilivyonenepa ndivyo mafuta yalivyopungua. Kulijua hilo kulimla ujana wake.

Sasa katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya unyevu ulipenya chini ya turubai, na mbegu ikikaa hivyo haioti. Kwingine mbegu hiyo haikuwepo, shamba la Kiwanja lilishachomwa. Basi akawa mbio tu, kutwa kucha, akiomba kipande cha udongo kati ya yale mawe meusi ya volkeno. Akifukuzwa, anarudi. Mwishowe mama mmoja, Louise, alichoka kuombwa, akampa kona nyuma ya nyumba yake. Donatille alirudi karibu akimbie.

Alimkuta mama mkwe wake, Umugwaneza, na ungo mapajani, na watoto wanakula. Bibi alieleza kwa furaha kwamba mvua imekaribia, naye ametaka kusaidia. Amefanya kama wanavyofanya kwao kabla ya kupanda: amebangua zote, amezimwaga pamoja kwenye ungo, akachambua.

«Zile kubwa nimekuwekea za kupanda, Mama Bénita. Zile kidogo-kidogo nimetwanga, batoto bamekula.»

Jamani, hata wewe ungefanyaje? Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumtukana mzee wa watu, Mungu amsamehe. Aliinamia sufuria, akaona mchuzi umejaa mafuta juu na hakuna hata punje moja nzima. Bénita, kitinda mimba wake, aliyekuwa akikataa chakula tangu wafike kambini, alikuwa akilamba vidole na kuomba tena. Bibi akamkwangulia.

«Karanga za mafuta hivi sijaona,» akasema bibi. «Mwaka kesho tupande hizi tu. Si utapata zingine?»

Donatille aliona vidole vya yule mzee vimechubuka kwa kubangua.

«Nitapata, Mama,» akasema, akapokea sahani yake, akala.